Sauti ya Pili Haikushuka

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza. Chumba changu kipya kinavuja pembeni, si juu ya kitanda, kwa hiyo sina la kulalamika. Mama mwenye nyumba ameniletea ndoo, akasema, "Huyu ndiye jirani yako mpaka Mei." Nilicheka baada ya kufunga mlango. Ni mara ya kwanza kucheka tangu nihamie mji huu, na kwa kuwa sina wa kumsimulia, nimenunua daftari hili.

Jumanne, 5 Machi

Kazi ya leo kwenye duka letu la uchapaji: kopi, picha za vitambulisho, barua tatu za kuomba kazi. Zote tatu zinaanza na "Mimi ni mtu mchapakazi."

Alhamisi, 7 Machi

Leo kaingia mzee mmoja mrefu, koti limelowa, kifuani amekumbatia mfuko wa nailoni kama mtu aliyebeba kifaranga. Akauliza kwa sauti ya kuwaita watu walio ng'ambo ya mto, "Mnachapa nyimbo?"

Wateja wote waligeuka. Nikamjibu kwamba maneno ya nyimbo tunachapa. Akatikisa kichwa, akanisogezea karatasi na kalamu.

"Andika. Masikio yangu niliyaacha kiwandani. Miaka thelathini na moja kwenye kiwanda cha vitambaa, mashine mia mbili zinapiga kwa mpigo. Nilipostaafu wakanipa saa ya ukutani. Hata mlio wake siusikii."

Ndani ya mfuko mna madaftari sita ya nyimbo za kwaya, sauti nne nne, ameziandika kwa mkono kwa do-re-mi. Anataka ziwe nota kamili, za mistari mitano, ili kwaya za vijana wazisome. Bosi, ambaye hajawahi kumrudisha mteja hata akija kuulizia kinyozi, akasema programu ya nota ipo kwenye kompyuta ya pili na mimi naijua vizuri.

Siijui kabisa.

Ijumaa, 8 Machi

Nimeshinda natazama mafunzo kwenye simu. Nota nilifundishwa shuleni, zikalala kichwani miaka ishirini. Sasa zinaamka moja moja, zimenuna.

Programu ina tabia zake. Kila sauti ina rangi yake: ya kwanza buluu, ya pili kijani, ya tatu rangi ya machungwa, ya nne zambarau. Sauti mbili hukaa kwenye mistari ileile, ya juu mikia yake inaelekea juu, ya chini mikia chini. Kabla ya kuandika ni lazima uiambie unaandika sauti ipi. Mimi sikuiambia. Niliingiza sauti ya pili ukurasa mzima, nikainua macho nikakuta ya kwanza imefutika yote, haikulia hata kidogo.

Jumanne, 12 Machi

Wimbo wa kwanza umekamilika. Mzee amekuja kuukagua. Anasoma kwa kidole, anapita sauti moja mpaka mwisho, anarudi mwanzo, anapita nyingine, na midomo inacheza. Alinikuta na makosa mawili. La kwanza nilikubali. La pili nilibisha, tukafungua daftari lake, na yeye ndiye aliyekuwa sahihi.

"Sikio la kufa halisikii dawa," akasema, "lakini jicho langu bado linasikia."

Jumapili, 17 Machi

Mama kapiga simu. Akauliza kama nimepata watu huku. Nikamwambia ninao wanne: wa buluu, wa kijani, wa machungwa na wa zambarau. Akasema, "Mwanangu, unakula?"

Jumanne, 19 Machi

Nimegundua jambo kwenye madaftari. Pembeni mwa kila mstari, mahali ambapo wengine wangeandika "sauti ya kwanza, sauti ya pili," yeye ameandika Chiriku, Mama Watoto, Mimi, Fundi. Nilipomuuliza kwenye karatasi ni akina nani, alisema, "Watu wa zamu yetu," akafunga mfuko wake.

Fundi ndiye sauti ya nne. Fundi huyu ananisumbua. Karibu katika kila wimbo wenzake wakianza pamoja, yeye anaanza baada ya nusu pigo. Na yule "Mimi," sauti ya tatu, mahali pengine analigawa pigo mara tatu wakati wenzake wanaligawa mara mbili. Nilipoisikiliza mara ya kwanza nilidhani kompyuta imeharibika. Mara ya tano nikajikuta mguu wa kushoto unafuata hesabu moja na mkono wa kulia hesabu nyingine. Mteja wa kopi akaniuliza kama naumwa.

Jumatano, 20 Machi

Mvua.

Alhamisi, 21 Machi

Mvua. Ndoo imejaa mara mbili.

Jumanne, 26 Machi

Mwalimu wa kwaya ya mjini amepita dukani kutoa kopi. Ni kijana mtanashati, miwani yake haina hata alama ya kidole. Akaona karatasi za mzee mezani kwangu, akatabasamu.

"Bado anaandika? Mwaka jana alituletea wimbo, wanakwaya wakashika mbavu. Mzee wetu hasikii tena, dada, anaandika kelele. Tunamheshimu tu."

Hata hivyo akasema kwaya inatimiza miaka hamsini tarehe tano Mei, na mzee alikuwa mmoja wa walioianzisha. Wangependa kuimba wimbo wake mmoja, "kama upo unaoimbika."

Neno hilo la kelele limenifuata mpaka nyumbani. Huyu mzee huja kila Jumanne, na sasa nikiamka Jumanne navaa vizuri. Sitaki mtu amcheke.

Jumanne, 2 Aprili

Mzee amechagua wimbo wa sherehe. Unaitwa "Tumefika." Ni wa watu wanaotoka zamu ya jioni, wanahesabiana mlangoni kama wote wapo. Nimeuandika tangu asubuhi. Ni mzuri kuliko yote. Nilipobonyeza uchezwe, sauti zile za kompyuta, ambazo ni kavu kama biskuti, zilinifanya nimgeuzie mteja mgongo nijifute macho.

Ila kuna kipimo cha kumi na nne, kile kipande cha mapigo manne kati ya vistari viwili.

Hapo sauti zote zinatua kwenye neno "tumefika." Ya kwanza inatua, ya tatu inatua kwenye mi, ya nne inatua, kwa kuchelewa kama kawaida yake. Ya pili ilitakiwa kushuka kutoka fa kwenda mi. Haishuki. Inabaki kwenye fa, imemkalia mwenzake wa sauti ya tatu begani, mapigo manne mazima. Inauma kama kutafuna mchanga.

Nikamwandikia: "Kipimo cha 14, sauti ya pili. Fa au mi?"

"Fa."

"Inagongana na sauti ya tatu."

"Najua inapogongana, binti. Andika fa."

Nikaandika fa. Akasoma kwa kidole, akaridhika, akaondoka na kopi yake.

Alhamisi, 4 Aprili

Nataka kuandika nilichofanya leo, bila kukipamba.

Mwalimu wa kwaya alituma ujumbe anataka wimbo. Nikaufungua. Nikakisikiliza kile kipimo mara kumi. Nikamwona akilini mzee amekaa mstari wa mbele, hasikii, na nyuma yake ukumbi mzima unashika mbavu. Nikasema moyoni, mtu asiyesikia atajuaje kwamba inauma? Nikatengeneza faili la pili. Fa nikaishusha ikawa mi. Nilipokuwa hapohapo, nikamsogeza na Fundi aanze pamoja na wenzake. Nikabonyeza. Ukatoka laini kama shuka iliyopigwa pasi. Nikautuma.

Miaka kumi na moja ya ndoa, hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu. Mume wangu akisema neno la kukera mbele za watu, mimi nalilainisha kabla halijawafikia. "Anamaanisha hivi." "Amechoka tu." Mwishowe hata mimi sikujua alisema nini hasa.

Lakini hili ni tofauti. Hapa ninamsaidia mtu.

Jumanne, 9 Aprili

Mwalimu kapiga simu: "Safari hii mzee ameandika! Umetulia, unaimbika." Nikamwandikia mzee kwamba kwaya imeupenda. Akausoma ule mstari kama anayetafuta kosa la nota. Akauliza, "Hawakulalamika popote?" Nikaandika, "Hapana."

Akavua kofia, akaiweka magotini.

Jumamosi, 13 Aprili

Mvua imevunja daraja la waenda kwa miguu. Kazi hakuna. Nimelala mchana nikaota natafuta faili silipati.

Alhamisi, 18 Aprili

Amekuja na si Jumanne.

Jana alikwenda mazoezini bila kumwambia mtu. Alikaa karibu na mama mmoja wa sauti ya pili, akaisoma karatasi yake. Leo kasimama mbele ya meza yangu na ile karatasi, imeloa, imekunjwa mara nne. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue alizungumza polepole, na ilikuwa vibaya zaidi kuliko kelele.

"Nilikuambia fa."

Nikachukua kalamu. Nikaandika, "Nilitaka wasikucheke."

Akasoma. "Nani alikuomba?"

Bosi akajifanya anahesabu bahasha.

"Tulikuwa wanne," mzee akasema. "Tulikuwa tunaimba wakati wa chakula, nje ya kiwanda, ndipo kwaya ilipoanzia. Mama Watoto ni mke wangu. Kila tulipofika mwisho wa wimbo sote tunashuka, yeye habanduki. Mwalimu wetu wa wakati ule alimwambia, 'Mama, shuka!' Akajibu, 'Sijamaliza.' Basi. Mimi niko kwenye mi, yeye kanikalia hapa juu kwenye fa, na ananitazama anacheka kwa macho. Miaka ishirini na sita alinifanyia hivyo. Wewe umemshusha."

Nikaiweka kalamu mezani.

"Na Fundi alikuwa na pumu. Wakati wenzake wanaanza yeye bado anavuta pumzi. Tulizoea kumsubiri. Hata baada ya kumzika tulikuwa tunamsubiri. Chiriku akafuata, halafu mke wangu, na mimi masikio nikawa nimeshayapoteza. Siwezi kuwasikia, binti. Ninaweza kuwaandika tu, na kwenye karatasi ndiko walikobaki."

Akachukua madaftari yote sita kwenye rafu yangu, akayatia kwenye mfuko wa nailoni, akatoka. Mvua ilikuwa kubwa. Hakufungua mwavuli.

Ijumaa, 19 Aprili

Sikuenda kazini. Nimesema ni homa.

Jumapili, 21 Aprili

Nimekwenda kwake. Ni nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya magurudumu, mlango wa buluu. Nikagonga. Nikagonga tena kwa ngumi. Taa ilikuwa inawaka ndani, na kivuli kilipita dirishani. Nikasimama kwenye mvua nisijue kama hanisikii au hataki kunifungulia. Labda yote mawili.

Mama alipopiga simu jioni nilimweleza yote. Nilitegemea aniambie nia yangu ilikuwa njema. Alisema, "Wewe tangu utotoni ukiona wawili wanabishana unamziba mmoja mdomo, halafu unasema amani imerudi."

Imeniuma. Lakini sikumwambia mama alegeze neno.

Jumanne, 23 Aprili

Jumanne ya kwanza bila yeye. Nimevaa vizuri kwa mazoea.

Baada ya kazi nimekwenda kwa mwalimu wa kwaya nikakiri kwake kila kitu. Nilimpa nota za kweli. Akazisoma, miwani ikamteleza puani.

"Dada, zimebaki siku kumi na mbili. Wameshaukariri."

"Najua."

"Na hii fa! Watu watadhani tumekosea."

"Acha wadhani."

"Ni rahisi kusema, wewe hutasimama mbele yao." Akafikiri kidogo, akaona njia ya kunikomoa. "Haya. Jumamosi uje uwafundishe mwenyewe. Wakiweza, tunaimba. Wasipoweza, tunabaki na ile yako."

Ile yangu. Kweli, ni yangu.

Jumamosi, 27 Aprili

Sijawahi kuimba mbele ya mtu tangu shule. Wanakwaya thelathini na wanane, viti vya plastiki, mvua inatwanga mabati. Niligawa karatasi mpya. Mwalimu akakaa pembeni, amekunja mikono.

Nikawaambia habari za wale wanne. Sikutia chumvi. Halafu nikawaomba akina mama wa sauti ya pili wabaki kwenye fa.

Mara ya kwanza wote walishuka. Mara ya pili nusu walishuka, nusu wakacheka. Mmoja akasema, "Hii inatia meno ganzi!" Mara ya sita, mwalimu alianza kukusanya vitu vyake.

Ndipo nikasimama katikati yao, nikaimba fa. Sauti yangu ilitoka nyembamba, inatikisika. Wanaume wa sauti ya tatu wakatua kwenye mi chini yangu, na nilitamani sana kushuka. Mwili mzima ulikuwa unavutwa. Kushuka ni kupumzika, ni kukubaliana na watu. Nikakaa. Pigo la kwanza, la pili. Kwenye la tatu yule mama mnene aliyekaa mwisho, muuguzi, ambaye muda wote alikuwa kimya, akaishika fa pamoja nami, nene, imara kama nguzo. Wengine wakaifuata ile nguzo.

Tulipomaliza hakuna aliyecheka. Muuguzi akasema, "Hee. Kumbe anamng'ang'ania mumewe."

Mabesi, wale wa sauti ya nne, ndio waliotushinda. Kuchelewa kwa makusudi ni kugumu kuliko kuwahi. Mmoja aliniambia, "Dada, mimi maisha yangu yote nimekaripiwa kwa kuchelewa, leo unanikaripia kwa kuwahi!"

Mwalimu alifuta miwani ambayo haikuwa na uchafu. "Tuendelee kujaribu," akasema.

Jumapili, 28 Aprili

Nimekwenda tena kwenye mlango wa buluu. Safari hii sikugonga. Nimepitisha karatasi chini ya mlango: nota zake kama alivyoziandika, na chini yake, "Tarehe 5 wataimba hivi. Nilikosea. Nisamehe." Nilisubiri kidogo nione kama itavutwa kutoka ndani. Haikuvutwa.

Jumanne, 30 Aprili

Hakuja.

Ijumaa, 3 Mei

Mvua inapungua. Hakuja.

Jumapili, 5 Mei

Ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama kwenye milango. Nilikaa safu ya tano, pembeni. Hotuba zilikuwa nne na zote zilikuwa ileile. Mzee sikumwona. Kiti chake cha mbele, chenye karatasi ya "Mwanzilishi," kilikuwa kitupu.

Kwaya ilipopanda jukwaani, mtu alinisukuma bega. Alikuwa yeye, na koti lake lilelile, limepigwa pasi. "Sogea," akasema, na nusu ya ukumbi ikageuka. Nikasogea. Hakunitazama. Akatoa ile karatasi niliyopitisha chini ya mlango, akaikunjua magotini.

Wakaanza. Kidole chake kikaanza kutembea kwenye karatasi, na macho yake yakawa yanapanda kwenye vifua vya waimbaji na kurudi. Ubeti wa kwanza mabesi walichelewa vizuri kabisa. Kipimo cha kumi na nne kikafika. Fa ikabaki. Mtu mmoja nyuma yangu akanong'ona, "Wamekosea hawa." Muuguzi aliishikilia kama aliyesikia akakataa.

Ubeti wa pili mabesi wakasahau. Hofu ya ukumbi ikawashika, wakaingia na wenzao, papo kwa papo. Ubeti wa tatu wakakumbuka.

Makofi yalipoanza mzee hakupiga. Akanigeukia, na kwa ile sauti yake ya kuvuka mto akauliza, "Walichelewa?"

Watu wa safu tatu walikuwa wanatusikiliza. Alikuwa ananiuliza mimi. Katika ukumbi ule wote, mtu aliyemchagua awe masikio yake ni mimi. Nikaona jinsi ilivyo rahisi kuandika "ndiyo." Neno moja, naye angekwenda nyumbani amefurahi.

Nikaandika nyuma ya ratiba: "Ubeti wa kwanza walichelewa. Wa pili waliwahi. Wa tatu walichelewa."

Akasoma mara mbili.

"Hata Fundi," akasema, "siku nyingine aliwahi."

Kisha akagusa kipimo cha kumi na nne kwa kidole, akaniangalia. Hakuuliza.

Nikaandika: "Hakushuka."

"Iliuma?"

"Iliuma sana."

Akaikunja ratiba ile, akaitia mfuko wa ndani wa koti, akatazama jukwaani, ambako watu walikuwa wanashuka sasa, mmoja mmoja, wanashikana mikono ngazini. Machozi yalimtoka na hakuyafuta. Sikumwambia chochote cha kumtuliza.

Jumanne, 7 Mei

Jua. Ndoo nimemrudishia mama mwenye nyumba.

Saa nne asubuhi mzee kaingia dukani. Mikono mitupu, hana mfuko, hana daftari. Akakaa kwenye benchi chini ya dirisha. Nikampungia kalamu na karatasi kwa mbali, akatikisa kichwa.

Bosi akanijia, akaninong'oneza, "Yule mteja anataka nini?"

"Hana kazi leo."

"Sasa amekuja kufanya nini?"

Nilimwangalia mzee. Alikuwa ananyoosha miguu kwenye jua, anatazama mashine ya kopi ikimulika na kuzima.

"Amekuja tu," nikasema, nikaendelea kuchapa.